Nilizima error za integral, akina mama wa Ikutha wakachimba makisio yangu

Wakuu, hamjambo humu ndani. Hii sijamsimulia hata pastor wangu, na sijaongeza chumvi. Natamani ingekuwa ya mtu mwingine.

Nina digrii ya hesabu na kaduka ka kompyuta hapa Sultan Hamud. Printing, passport, kujazia watu fomu za mtandaoni. Lakini nyumbani ni Ikutha, na mama yangu yuko kwenye mwethya, kikundi cha akina mama wanaochimbiana mashamba kwa zamu.

Mwaka jana waliamua kuchimba silanga, bwawa la kukinga maji ya mvua kwa ajili ya mifugo. Kwa jembe, sururu na karai. Hakuna tinga.

Swali lilikuwa moja tu. Nguvu zao zinatosha kutoa udongo kiasi fulani. Je, wapanue au waende chini? Ukipanua sana, jua linakausha maji. Ukienda chini sana, maji yanapenya ardhini.

Mwenyekiti wao, Mama Kioko, akanipigia simu.

"Mutua, si wewe ulisomea hesabu? Tuambie ni mita ngapi."

Nikamjibu bila kufikiri, "Inaweza kuwa tatu hivi, mama, lakini wacha niulize kompyuta."

Kumbukeni hiyo tatu.

Nikafungua software ya hesabu, zile za algebra na calculus. Nikaandika integral, yaani jumla, ya maji yanayopotea siku baada ya siku kiangazi chote, kina nikakiita d. Halafu nikaiambia software itafute d inayofanya hasara iwe ndogo kabisa, ianze kutafutia kwenye tatu.

Screen ikajaa maandishi mekundu. Integral ilikuwa inalalamika imepewa herufi badala ya namba. Nikarun tena, ikalalamika tena.

Hapa sasa ndipo penye aibu. Kuna command ya kunyamazisha warning. Nikaiweka. Wekundu wote ukapotea, likabaki jibu safi: 3.0.

Nilifurahi jamani. Nikajiona nina jicho la kupima ardhi kwa simu.

Jumamosi nikaenda Ikutha na laptop, shati limepigwa pasi. Mama Kioko aliitazama screen kwa muda.

"Hiyo tatu si ile ulisema kwa simu?"

"Ndiyo mama. Kompyuta ime-confirm."

"Kwani ilikuwa inasikiliza tukiongea?"

Wakacheka, na mimi nikacheka kuwapita. Kisha nikawarushia "numerical integration" na "optimization" mpaka wakanyamaza. Mama yangu alikuwa ananiangalia kwa fahari, na hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo.

Mama Kioko akapima kamba ya manila, akafunga fundo kwenye mita tatu. Hilo fundo ndilo lilikuwa kipimo chao.

Walichimba wiki saba.

Mvua ikaja, silanga ikajaa, nikapigiwa makofi kanisani. Halafu kiangazi kikaingia. Kufikia Agosti palibaki tope lenye alama za kwato, na akina mama wakarudi kufukua maji kwenye mchanga wa mto, kama zamani. Mimi nililaumu jua. Kwa sauti kubwa.

Baadaye kikundi kingine, cha upande wa Kiboko, kikaniomba hesabu kama hiyo. Ardhi yao ni ngumu, kwa hivyo nikaiambia software ianzie mbili.

Jibu: 2.0.

Nikashtuka kidogo. Nikaweka ianzie saba. Jibu: 7.0.

Nikaweka kumi na moja, na ikanirudishia kumi na moja. Nikafunga duka mchana kweupe.

Kwa wasio wa fani: ile sehemu ya kutafuta ilikuwa inaipa integral herufi d kabla d haijawa namba. Integral inashindwa, hakuna cha kulinganisha, basi inarudisha palepale ilipoanzia. Wekundu ule ulikuwa unaniambia hivyo tangu siku ya kwanza.

Dawa ilikuwa mstari mmoja. Unaifunga integral ndani ya function yenye sharti: usiguse kitu mpaka d iwe namba. Nikarekebisha, nikaprint na table ya kina mbalimbali nihakikishe kwa macho. Tulipaswa kuvuka mita nne. Sisemi maji yangefika mpaka mvua ya Novemba, lakini yangesukuma wiki kadhaa zaidi.

Nilikaa na hiyo aibu siku tatu, kisha nikaenda kusema. Nilisema nikiwa nimesimama ndani ya silanga kavu.

Mama Kioko akauliza, "Kwa hivyo hatukuchimba ya kompyuta. Tulichimba ile ulifikiria tu."

"Ndiyo, mama."

Mama yangu akaangalia viganja vyake. Heri angenitukana.

Wakakubaliana kuongeza kina katikati kabla ya mvua. Nikatoa hesabu mpya, lakini Mama Kioko akakataa kufunga fundo.

"Fungua hiyo laptop hapa. Ianze na moja."

4.4.

"Sasa ianze na tisa."

4.4.

Halafu mama yangu akasema, "Mwambieni aanze na tatu."

4.4.

Ndipo fundo la zamani likafunguliwa.

Funzo wakuu: warning ukiinyamazisha, umejinyamazisha wewe. Na jibu likifanana na makisio yako, usishangilie, badilisha pa kuanzia. Mimi nilisomea hiyo kitu miaka minne, na aliyeipima hesabu yangu ni Mama Kioko, asiyejua integral ni nini.

Wenye code nzuri zaidi wekeni hapa chini. Wa kunicheka pia karibuni, hamtanicheka kuliko nilivyojicheka.

Nachapa polepole kwa sababu ya malengelenge. Mama Kioko alinipa jembe siku ileile, na leo tumefika tatu na nusu.