Mihogo Ndani ya Benwari

Wajukuu wangu hunicheka. Jirani akifunua tu karai lake la mihogo iliyolowekwa, mimi huyo, nimeshaziba pua kwa kitenge na kuhamisha kiti. Bugali, ugali wa mihogo, nakula, tena nakula nikashiba, na sombe ya majani yake juu. Lakini ile harufu ya mihogo inayochacha majini, jamani, siiwezi! Ikinifikia, papo hapo niko tena mlangoni mwa nyumba ya Mzungu, bonde la Ruzizi, msichana wa miaka tisa aliyebana pua kwa vidole viwili.

Tulikuwa tunakaa Uvira, karibu kabisa na ziwa. Mwaka ule maji yalipanda yakakataa kushuka. Yaliingia kwanza jikoni, kisha chumbani, na vyura wakaanza kulala chini ya kitanda. Mama alikuwa na mimba kubwa, miguu imevimba, na alishasema neno lake: mtoto huyu hatazaliwa ndani ya maji. Baba akazunguka siku nyingi akitafuta pa kutupeleka, mpaka jioni moja akarudi anacheka.

"Kuko nyumba ya ferme, shamba la Mzungu, kule bondeni," alisema. "Iko na mabati, iko na simenti, na haina mwenyewe."

Mwenyewe wa kwanza, yule Mzungu, alikuwa ameondoka siku za uhuru. Wafanyakazi wake wakahamia ndani, na vita vya waasi vilipofika bondeni nao wakakimbia. Sasa kulikuwa kumetulia kidogo. Basi tukaenda kuisafisha, baba, mama, mimi na shangazi Nyota, dada yake baba, mwanamke mwenye mdomo usiojua kupumzika.

Nyumba gani ile! Sebuleni mbuzi walikuwa wamelala miezi, na mavi yao yamegandamana sakafuni hadi tukayabandua kwa jembe. Darini kulijaa popo. Shangazi alipogonga ubao mmoja kwa fagio, mavi yao makavu yalimwagika yote kichwani mwake, mengine mdomoni, maana alikuwa anaongea kama kawaida yake. Ndani ya jiko la chuma panya walikuwa wamezaa, na vitoto vyao, vyekundu, havina hata unyoya, vilijinyonganyonga juu ya matambara. Nilitapika pale pale barazani.

"Vizuri," shangazi alisema, akitema mate. "Sasa tumbo liko na nafasi."

Nikamwambia mama, "Miye silali humu. Heri vyura." Mama alikuwa amesimama ameshika kiuno, anatazama ukuta mmoja baada ya mwingine, na mimi nikaomba kimoyomoyo achukie kama nilivyochukia.

Kisha baba akasukuma mlango wa chumba cha kuogea. Harufu iliyotoka humo ilinipiga usoni, nikarudi nyuma hadi nikaanguka juu ya ndoo. Ndani kulikuwa na benwari, lile birika refu jeupe ambalo Wazungu hujilaza ndani yake kuoga. Lilikuwa limefunikwa majani ya migomba yaliyooza, na juu ya majani kumewekwa jiwe. Bati la juu lilikuwa limetoboka, kwa hiyo mvua ilikuwa ikilijaza kila lilipokauka. Baba akafunua kwa fimbo. Povu la kijani, uji mweusi, na funza weupe wanene wakicheza humo kwa raha zao. Ilikuwa mihogo, au kitu ambacho zamani kilikuwa mihogo.

"Pfuu! Watu wachafu hawa!" shangazi alipiga kelele. "Muntu anatia chakula mahali pa kuogea, kisha anakiacha kioze! Wanyama!"

"Wanyama!" nami nikaitikia, nikafurahi kupata neno la kutukana.

Mama aligeuka. "Nyamazeni, nyinyi wote wawili."

Akasogea pale kwenye uvundo, yeye ambaye mimba ilikuwa inamtapisha hata kwa harufu ya sabuni. Akaligusa lile jiwe.

"Baba Riziki," alimwambia baba, "weye ulisema nyumba haina mwenyewe."

"Walikimbia, mama. Hawako."

Mama akakaa juu ya ndoo iliyopinduka, akalia kidogo, mimi nikidhani ni uchafu unaomliza. Nikajua tumeshinda, tunarudi Uvira. Lakini alijifuta uso, akapiga magoti kwa shida na tumbo lake lile, akaanza kuchota ule uji kwa mikono. Hakutuachia sisi. Jiwe aliliosha kwa majivu, akaliweka dirishani.

Mdogo wangu alizaliwa humo, pakavu. Benwari mama alilitumia kuloweka mihogo yake, na kufunika kwa majani, na jiwe lile lile juu. Nilichukia kila siku yake.

Mtoto alipokuwa anaanza kutambaa, asubuhi moja risasi zikasikika upande wa Kamanyola, na watu wakapita barabarani wakikimbia. Baba akashika godoro, mimi sufuria. Mama, mtoto mgongoni, alikuwa tayari amefika uani, kisha akarudi ndani. Nilimfuata nikilia kwamba tutauawa. Nilimkuta anainama juu ya benwari. Mihogo ilikuwa ya kutolewa kesho yake. Aliyatandaza majani vizuri, akarudisha jiwe.

Hatukurudi kamwe. Tulipanda milimani, na maisha yakatupeleka kwingine.

Nilipokuwa mama mwenyewe, na mihogo yangu majini, ndipo nikaelewa alichokiona siku ile. Mtu haloweki mihogo ili aikimbie. Anailoweka kwa sababu keshokutwa watoto watakula.

Najua kuna aliyefunua majani yetu. Najua alikuwa na mtoto pembeni, amebana pua, anatuita wanyama. Naomba tu kwamba mtoto huyo alikuwa na mama wa kumnyamazisha.