Swichi za Chumba cha Chacha

Leo nimefanya utani kijijini Kewanja, na bado unaniuma.

Mzee mmoja aliniita nimkadirie vifaa vya umeme vya chumba kipya alichojenga nyuma ya nyumba yake. Nikamwamkia, nikatoa futi.

Mnajua huku kwetu. Karibu na mgodi watu hujenga tegesha, nyumba za harakaharaka za kusubiri fidia. Nikamwambia, "Mzee, kama ni tegesha, tuweke taa moja ya kuonekana tu."

Hakucheka.

"Ni cha mwanangu Chacha. Anatoka hospitali."

Nilikuwa nimesikia kwamba Chacha alifukiwa na kifusi shimoni akitafuta dhahabu. Sikujua zaidi.

Nikaweka alama ya swichi usawa wa bega, kama kawaida.

"Shusha," akasema.

Nikashusha.

"Shusha tena."

Kisha akageuza ndoo, akaikalia, akanyoosha mkono ukutani.

"Hapa. Awashe mwenyewe, asimwite mama yake."

Hapo ndipo nilipoelewa.

Nikaanza upya hesabu ya nyaya, maana sasa kila swichi inashuka. (Kusema kweli, niliinama ili nisimwangalie.)

"Madaktari wametuambia sisi tu," akasema. "Yeye bado anadhani atatembea."

Nilipoaga, akanishika mkono.

"Fundi, akikuuliza kwa nini ziko chini, mwambie ndio mtindo wa siku hizi."

Nikaitikia.

Jumatatu naanza kazi, na Chacha atakuwa amefika.

Ninyi mngemjibu nini?