Studio Chini ya Usingizi wa Shangazi

Siku moja siisahau, mwanangu. Shangazi yangu Kwandu aliteremka ngazi za stoo yake, kitenge kimemlegea mabegani, ndala moja mguuni na nyingine mkononi. Alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku hapa Bariadi, kwa hiyo mchana ndio uliokuwa usiku wake. Chini ya chumba chake cha kulala, ndani kabisa ya mteremko wa kilima, marehemu mumewe alikuwa amechimba stoo ya pamba. Humo ndimo mimi na mwanawe Shija tulimokuwa tunajenga studio ya kurekodi muziki.

"Shija," alisema, "hiyo ngoma unaipiga kwenye ngozi au kwenye kichwa changu?"

"Shikamoo, mama," Shija akajibu, vijiti vya ngoma kavificha mgongoni kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani mkononi.

"Shikamoo haizibi masikio. Jana nusura nisinzie mbele ya mwanamke anayejifungua. Nikiamshwa tena, hapa panarudi kuwa stoo."

Hakuwa mtu wa kutishia bure. Na Jumamosi kundi zima la ngoma la Shija lilikuwa linakuja kutoka Nkololo kurekodi nyimbo zao za kulimia. Hawakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeshajiita fundi. Shule niliiacha mapema, lakini miguu yangu iliendelea kusoma. Wanasema mtembezi hula miguu yake, yangu ilinilisha. Nimebeba spika za bendi, nimepakia marobota ya pamba Maswa, nimemsumbua kwa maswali kila fundi aliyenivumilia. Huko Mwanza niliwahi kuchungulia studio moja, nikaona kuta laini kama godoro. Nikawaza: kama ulaini ndio dawa, nani ana vitu laini kutushinda sisi wa Simiyu? Tukashindilia pamba kwenye magunia, tukayapanga ukutani hadi juu. Msukuma hata akitaka kunyamazisha radi ataanza na pamba!

Ndani, kweli, mwangwi ulikufa. Kwenye maikrofoni sauti ya Shija ilitoka safi kama maji ya mtungi. Ila huko juu shangazi alisikia kila pigo.

Nikaanza kumweleza kwamba tutaongeza magunia. Akanikatiza.

"Umeuliza habari za pamba, umeuliza habari za ukuta. Mimi ninayelala huku juu umeniuliza lini?"

Akanipandisha hadi chumbani kwake, akatandika mkeka sakafuni. "Lala hapo. Shija! Piga, na uimbe!"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nililala, nikaacha kufikiria pamba, nikasikiliza. Ule mngurumo mzito haukupita ukutani hata kidogo. Ulipanda kwenye sakafu ukanitekenya mbavu. Uimbaji nao uliingia kwa dirisha, ukitokea kwenye nyufa za mlango wa stoo. Ukuta nilioupamba kama bibi harusi ulikuwa na mlima mzima wa udongo nyuma yake. Wala haukuhitaji msaada wangu. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulishughulika na ukuta, ufa tukauacha unatucheka.

"Umesikia nini?" shangazi akauliza.

"Nimesikia mlango. Na sakafu."

"Haya. Sasa ndiyo umeanza kazi."

Tukaanza upya. Kihenge cha nafaka unakijua: ukikikandika vizuri kwa udongo na samadi lakini ukasahau tundu moja, fukusi watalipata. Sauti ni hivyo hivyo. Panapopita hewa, nayo hupita. Tukakandika kuzunguka fremu ya mlango kama tunakandika kihenge. Mlango mmoja tukaufanya miwili, mizito, kingo zake tumezizungushia mpira wa tyubu za baiskeli. Tukatengeneza dari ya pili ya mbao nene, yenye nguzo zake yenyewe, isiguse ile ya juu hata kwa msumari mmoja, maana mtikisiko hupanda msumari kama siafu. Ngoma tukaikalisha kwenye jukwaa lililolala juu ya vipande vya tairi. Na ili watu wasikose pumzi, tukaiachia hewa njia yenye kona kona. Hewa hupinda kona. Sauti huchoka njiani. Pamba hatukuitupa yote. Tulibakiza kiasi, mbali na taa kwa kuogopa moto, kwa kuwa chumba kikimeza kila mwangwi, wimbo nao unakauka.

Jumamosi wazee wa Nkololo walifika. Shangazi alikuwa amerudi kutoka zamuni na kulala. Wakasalimiana "mwangaluka" kwa kunong'ona, kama wako msibani, wakashuka. Tukafunga milango miwili, wakapiga. Shija alipiga huku macho yakiwa darini, jasho likimtiririka kabla hata ya wimbo wa kwanza kwisha.

Jua lilipokwisha kupinda tulipanda juu. Shangazi akatoka chumbani, alama za mto shavuni, akatukuta uani.

"Wavivu nyie! Wageni wametoka Nkololo yote hiyo, na mpaka saa hizi hamjapiga hata ngoma moja?"

Shija alikaa chini palepale akacheka hadi akalia. Mzee mmoja wa kundi ndiye aliyejibu: "Mayu, mama yetu, tumemaliza."

Chumba kile kipo mpaka leo. Vijana kutoka Sola na Shishiyu huja kurekodi, na nikiwaona wanagonga mlango ule kwa vidole wakishangaa uzito wake, najivuna, wala sijifichi. Nimezunguka sana duniani, lakini mikono yangu haijatengeneza kitu kizuri kuliko kimya kile.

Basi, mwanangu, ukijenga chumba cha muziki, au jambo lolote lenye kishindo, jua kwamba kupendeza ndani ni kazi moja, na kutomdhuru aliye nje ni kazi nyingine. Usianze na kile ulicho nacho tele. Anza kwa kulala upande wa jirani, usikilize kinachomfikia, ndipo ushike nyundo. Kuuliza si ujinga, na wa kuulizwa kwanza ni yule atakayebeba kelele zako.

Mungu akupe kazi yenye sauti kubwa, na wanaoishi nawe awape usingizi mzito. Wabeja kwa kunisikiliza.