Wanamirihi wa Sabuni Mbichi

Kanuni za mchezo niliziandika mimi. Naanza hapo kwa sababu watu wa mji wetu wa Rumonge wakikusimulia habari za ile meza, watakutajia kinyozi peke yake.

Mimi ni mwalimu wa historia. Siku moja nikifundisha jinsi Wazungu wa enzi ya mvuke na makaa walivyogawana Afrika, nilijiuliza: wangekuwa na merikebu za kuruka, si wangeenda kuigawana hata sayari ya Mirihi? Swali likanikaa kichwani hadi likawa mchezo wa vita wa mezani. Upande huu askari wa malkia wa Uingereza na makoti yao mekundu, upande ule wenyeji wa Mirihi. Miaka miwili nilijaza madaftari matatu: askari atembee sentimita ngapi, risasi ifike wapi, dadu ikiangukia moja mtungi wa mvuke upasuke.

Kuchonga ilikuwa kazi ya rafiki yangu, kinyozi aliyetoka Kongo, mwenye kibanda karibu na bandari ya ziwani. Kwa vipande vya mbao za mitumbwi alitoa askari wa urefu wa kidole gumba, kila mmoja na masharubu yake. Merikebu alizikunja kwa mikebe ya nyanya. Ubao tuliupaka mawese na vumbi la matofali, ukawa mwekundu vizuri sana, ila hadi leo haujakauka.

Wateja walikuja kunyolewa wakasahau nywele. "Eh! Angalia, hata musharubu iko!" Madaftari yangu yalikuwa pale pale mezani. Kuna bwana mmoja alichana ukurasa wa merikebu akafungia ndagala zake, dagaa wa ziwani, na hakuna aliyemkemea. Nilikuwa na wivu, sifichi. Nikiviona vile vidole vyembamba vya kinyozi vikizungusha kisu, niliyafunga madaftari yangu.

Ndipo wageni kutoka Bujumbura wakatangaza maonyesho ya kazi za mikono katika ukumbi wa vijana. Mwenye kazi bora angechukuliwa kwenda kuionyesha mjini wiki nzima. Mtu mmoja tu, na nilijua atakuwa nani.

Wiki mbili zilibaki, na wenyeji wa Mirihi walikuwa hawajachongwa. Mbao zingetuchelewesha, kwa hiyo kinyozi akaamua kutumia sabuni. Mama yangu hupika sabuni ya mawese nyuma ya nyumba. Sisi tuliokulia kwenye moshi wake tunajua kwamba mche wa sabuni huanikwa kwanza. Ukiuchonga mbichi, kisu kinapita raha mustarehe, halafu kitu chenyewe kinanywea na kupinda.

"Mwalimu, nichukue gani?" aliniuliza.

Nilimpa miche ya juzi.

"Iko kavu?"

"Iko kavu kabisa."

Siku ya maonyesho alifungua katoni mbele ya watu. Mimi niliwaandika Wanamirihi wanene, wenye vifua vya mabondia. Waliotoka mle walikuwa wamekonda, shingo zimepinda, mbavu nje, wakiwatazama askari wa malkia kwa uchovu wa watu waliokwisha kuona wageni wengi. Nilingoja kicheko. Badala yake watu walisogea karibu. Mama mmoja kati ya wageni akainama hadi pua ikakaribia ubao.

"Hawa ndio muchezo wenyewe," alisema. "Nani aliwaza wakuwe hivi?"

Kinyozi hakusita hata kidogo. "Ni mwalimu. Muchezo iko yake. Hata sabuni ni yeye alichagua."

Wakanichukua mimi. Wiki nzima Bujumbura watu walinishika mkono, wakaniambia murakoze, yaani asante, wakataka kujua siri ya zile mbavu. Nikawaeleza habari za hewa nyepesi ya Mirihi. Nilikuwa nimeitamani sifa hiyo miaka miwili, na ilipokuja sikuweza kuimeza.

Niliporudi nyumbani, mama akaniuliza kama zile sanamu zilipasuka. "Rafiki yako alirudi hapa siku ile ile ulimupa miche," alisema. "Nilimwambia sabuni iko mbichi, nikamupa kavu. Akakataa. Alisema mwalimu amekwisha kuchagua."

Nilikwenda kibandani moja kwa moja, nikakaa kitini, akanifunga shuka shingoni.

"Ulijua," nilimwambia.

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

Alikuwa ananichonga nyuma ya sikio, hakuinua wembe. "Ningesema, ungepata haya, ungeacha kuandika. Halafu mimi nicheze na nani?"

 Wivu wa mikono yake nilikuwa nimekwisha kuuzoea. Sasa ikabidi nianze kuuonea wivu na moyo wake.