Nukta ya Mwezi wa Tano

Tulimwita Mama Rula, na hakuchukia. Kwa miaka kumi na tisa alipima watoto kwenye chumba cha kliniki chenye dirisha moja, rula mfukoni, penseli sikioni, na kipande cha raba alichokifunga kwa uzi kwenye kifungo cha koti ili tusikiibe. Mimi ndiye niliyekaa naye meza moja, na ndiye niliyekiiba mara ya kwanza.

Wengine tuliweka nukta ya uzito kwenye kadi, tukamruhusu mama aende zake. Yeye alilaza rula, akapitisha mstari katikati ya nukta zote. "Nukta ni ya leo tu," aliniambia. "Leo mtoto kaharisha, kesho kashiba. Wewe tazama anakoelekea." Na alikuwa sahihi hadi anaudhi. Aliwahi kumpeleka kwa daktari mtoto mnene, mashavu tele, kwa kuwa mstari wake ulianza kulala, na ugonjwa ukapatikana.

Sheria yake ilikuwa moja: nukta ikiruka mbali na nyingine, usiiamini. Pengine mtoto alirusha mateke, pengine alipimwa na sweta. Futa, upime tena.

Mjukuu wake wa kwanza, aliyezaliwa na binti yake wa pekee, alipanda vizuri miezi minne. Mwezi wa tano nukta ikaanguka. Foleni siku hiyo ilifika getini. Mama Rula alifuta, na hakupima tena. Kisha akauvuta mstari mbele kwa vipande-vipande hadi mwezi wa nane, ukipanda tu.

"Mama, akinyonya anatoka jasho," binti yake alisema. "Anachoka haraka."

"Mstari wake si huu hapa? Na wewe ulikuwa hivyo hivyo. Sasa tazama ulivyo na mdomo."

Tulicheka wote watatu. Kwa kicheko kile najilaumu mpaka leo.

Mwezi wa sita binti aliambiwa na mama yake asijisumbue kupanga foleni. Mwezi wa saba Mama Rula alikuwa likizo, nikampima mimi. Kilo tano na nusu. Nilirudia mara tatu. Kwenye kadi, karatasi ilikuwa imechubuka pale kwenye mwezi wa tano, na juu yake ule mstari wa vipande-vipande ulikuwa ukipanda peke yake, bila mtoto.

Daktari alisema ni moyo. Angeletwa miezi miwili kabla, wangekuwa na la kufanya. Mtoto alifariki baada ya siku tisa.

Baada ya mazishi nilikwenda kuwapa pole. Binti alikuwa amekaa kando ya mama yake, kadi mapajani.

"Mama mdogo," aliniuliza, "siku ile mizani ilikosea kweli?"

Niliwahurumia wote wawili, nikadanganya. "Labda ilikosea, mwanangu. Namba yenyewe ilishafutika, nani ataijua sasa?"

Mama Rula aliinua uso.

"Kilo sita kasoro gramu mia," alisema. "Nilimvua sweta mwenyewe."

Binti yake alimtazama. Kisha akainuka, akabeba kiti chake, akaenda kukaa upande wa pili wa chumba.