Taipureta Iliyomwagikiwa Chai ya Asali

Lukresia alipoingia kwa Bushiri mara ya kwanza alikuwa amebeba taipureta mgongoni, kaifunga kwa kanga kama mtoto mwenye homa. Bushiri, fundi wa redio na stovu karibu na soko la Babati, aliipima kwa macho kabla mama hajaitua. Chuma kizito, kizuri. Akampima na mama pia: mtu anayebeba mzigo namna hiyo kutoka Bonga kwa miguu hana fundi mwingine wa kumwendea.

"Shikamoo, Baba Tunu."

"Marahaba, Mama Egidius. Imekuwaje?"

"Imekunywa chai."

Lukresia alikuwa mjane, amefundishwa kupiga chapa na masista huko Mbulu. Siku za soko alikaa kwenye baraza ya duka akiwachapia watu barua za mashamba na maombi ya kazi. Mwaka ule sukari ilikuwa ya kusikia tu, chai ikinywewa kwa asali. Mzee Anselmi, aliyekuja kuandikiwa barua ya shamba, akionyesha kwa mikono yote miwili jinsi jirani alivyousogeza mpaka, alikipiga kikombe, chai yote ikaingia kwenye herufi.

"Ukafanya nini?"

"Nikafuta. Zikanata. Nikatia mafuta."

"Mafuta gani?"

Lukresia akatazama barabarani. "Ya mkia wa kondoo."

Bushiri alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Mama Egidius, ulikuwa unachapa au unakaanga?"

"Cheka tu. Kwetu bawaba tunatia hayo, mnyororo wa baiskeli hayo hayo. Ulitaka nitie ya dukani? Duka lipi?"

Kicheko kikaisha, maana mafuta yenyewe hayakuwapo dukani. Mchana wa jua mafuta yale yalikuwa yameteleza vizuri, herufi zikaruka. Alfajiri, kwa baridi ya Julai, yakaganda juu ya asali, mashine ikawa kama imemwagiwa nta.

Na Ijumaa ilikuwa inakuja. Ofisi moja ya mjini ilitaka mpiga chapa wa kudumu, ila mashine yake ilikuwa imekufa. Atakayekuja na yake na kuchapa ukurasa mmoja mbele ya bwana mkubwa ndiye angeajiriwa. Palikuwa na kijana wa Kondoa mwenye ya kwake.

"Leo Jumanne," alisema Bushiri. "Kondoo mmoja."

"Kwa kufuta asali? Jogoo."

"Jogoo mpelekee fundi wa majogoo."

"Haya. Ikipona, kondoo jike. Isipopona, sikupi hata unyoya."

"Isipopona, mashine inabaki hapa."

Lukresia akaishika mashine kwa mkono mmoja, kisha akasema sawa. Bushiri aliona amefunga biashara isiyo na hasara: huku kondoo, huku chuma.

Kazi ikamwonyesha vingine. Maji ya moto yaliyeyusha asali lakini hayakupita kwenye mafuta. Mafuta yalitaka mafuta ya taa, naye alikuwa na chupa moja tu, ya kumulikia nyumbani kwa mwezi mzima. Aliimimina yote. Jumatano ikaisha kwenye herufi kumi na nne. Alhamisi akaharakisha, akaulazimisha mkono wa herufi a kwa koleo, kichwa chake kikakatika.

Barua gani ya Kiswahili itaandikwa bila a? Akakilehemu kwa kipande chake cha mwisho cha risasi ya kulehemia, akakisugua mpaka kiungo kisionekane, akanyamaza. Kondoo alikuwa kichwani mwake.

Lukresia alipokuja jioni ile alichapa jina lake mara mbili, akaifunga kwa kanga.

"Ipige taratibu," Bushiri alisema, wala hakusema zaidi.

Ijumaa saa sita mama alirudi na mashine mgongoni. Bushiri alijiandaa kwa kelele, hazikuja. Lukresia aliweka mezani kipande cha chuma kidogo kama punje ya mchele.

"Kiliruka mstari wa tatu," alisema. "Bwana mkubwa alikiokota mwenyewe, akanipa. Kumbe kililehemiwa. Ungeniambia, ningeazima mashine ya parokiani."

"Nilijua kitashika."

"Ulijua kondoo." Akaitua taipureta, akakunja kanga yake. "Tulisema itabaki. Ibaki."

Bushiri hakumrudishia. Alijaribu kuiuza miezi kadhaa, hakuna aliyetaka mashine isiyo na a, na vipuri havikuwapo Babati wala Arusha. Mwishowe springi zake zikaingia kwenye redio mbili za watu, chuma kilichobaki kikazuia mlango. Nyumbani kwake taa haikuwashwa mwezi ule.

Kijana wa Kondoa aliajiriwa. Lukresia alirudi Bonga kushika jembe, vidole vyake vikakakamaa, na hakuchapa tena. Kondoo alibaki wake. Januari alimuuza, Egidius akapata sare ya shule.