Spika Kutoka Kiota cha Kuku

Mteja ameweka redio yake mezani pangu na kuniuliza, "Fundi ako wapi, mama?" Nimeendelea kuunganisha waya, na moshi wa risasi ya kuunganishia ulipopanda nikawa tena jikoni kwetu Kibirichia, msichana aliyekatazwa kugusa redio ya baba.

Redio hiyo ilikuwa imepoteza sauti. Nilimfukuza kuku aliyetagia ndani ya redio nyingine, kuukuu, nikang'oa spika yake na kuipangusa kinyesi. Risasi niliikwangua humo humo. Nilipasha msumari kwenye moto wa kuni, nikaushika kwa kitambaa, nikaunganisha nyaya zake mbili na redio ya baba. Redio ikaongea.

Baba aliingia na wageni wa kanisani kuota moto. Alipoisikia, alimshika bega kaka yangu, aliyekuwa ameketi kando ya redio.

"Mnaona kijana yangu? Huyu ni fundi kabisa!"

Kaka alitabasamu tu.

Nilirudisha msumari motoni. Ulipoiva, nilipita katikati ya wageni, nikageuza redio na kuzigusa zile nyaya. Zikaachana. Mtangazaji akakatika katikati ya neno.

"Wewe! Umeharibu nini?" baba akafoka.

"Sijaharibu, baba. Nimetoa kazi yangu. Huyo fundi wako airudishe."

Kaka aliutazama msumari kana kwamba ni nyoka. Hatimaye baba aliinuka, akanisukumia kigoda chake.

"Haya, keti utengeneze."

Sikuketi. Niliifanya kazi ile nikiwa nimesimama, ili wote waone mikono ni ya nani.